Kadi ya Servisi Yenye Muhuri Mmoja

Admin, jina langu libaki kwako. Wanaonijua wasome tu kama wageni.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, watoto wawili, naishi Kanamkemer hapa Lodwar. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hivyo mnivumilie. Sijalia tangu mwezi wa pili, na sijui kama hiyo ni nguvu au ni kuharibika.

Tuko na gari ndogo ya abiria. Mume wangu ndiye alikuwa anaiendesha, Lodwar kwenda Kakuma na kurudi. Mwaka jana mzee mmoja mwenye gereji, tunamwita Haji, alituambia kuhusu mpango wake: mnalipa mara moja, mnapewa kadi ya servisi nne za mwaka mzima. Oili, filta, breki kukaguliwa. Ukipeleka gari anagonga muhuri kwenye kisanduku. Mwaka ukiisha, kisanduku kisicho na muhuri kimekufa. Mume wangu alisita. Mimi ndiye nilisema tulipe, gari ndiyo inatulisha. Tuliuza mbuzi watano. Hao mbuzi walikuwa wa watoto, baba mkwe aliwapa walipozaliwa. Namba ya simu kwenye kadi iliandikwa yangu, maana mume wangu akiwa barabarani hashiki simu.

Servisi ya kwanza tulipeleka. Muhuri mmoja.

Ya pili, meseji ya Haji ya kutuita iliingia asubuhi ya mgao. Kwa wasiojua huku, siku za mgao wa chakula kwenye kambi ya wakimbizi Kakuma kila mfanyabiashara wa Lodwar anataka kwenda, gari inajaa kabla hujanawa uso. Hakuna mtu anapeleka gari gereji siku hiyo. Nilimjibu Haji tutakuja wiki ijayo. Mume wangu sikumwambia. Nilijua angeenda gereji, yeye ni mtu wa kuogopa breki, na nyumbani unga ulikuwa umeisha. Wiki iliyofuata mtoto aliugua, nikasahau. Ya tatu ikawa hivyo hivyo, mgao tena. Haji alipiga mpaka simu, nikasema tutakuja. Jioni moja mume wangu aliniuliza, "Mama Akiru, Haji bado hajaita?" Nikasema bado.

Mwezi wa pili breki zilikataa kwenye mteremko wa laga, ule mto mkavu, karibu kufika Kakuma. Abiria walitoka na michubuko. Yeye mguu ulivunjika mahali pawili, sasa uko na chuma ndani. Nilipofika hospitali aliniuliza kama watoto wamekula. Nikasema ndiyo. Vidole vya miguu yake vilikuwa vimejaa vumbi, nikaanza kuvifuta na leso, kimoja kimoja. Siku hiyo yote nakumbuka hicho tu.

Servisi ya nne ilipofika siku yake, gari ilikuwa bado imelala.

Sasa mume wangu yuko kitandani na hasira yake yote iko kwa Haji. Kila anayekuja kumjulia hali anaambiwa Haji alikula mbuzi wa watoto, hakuita hata siku moja. Mimi niko hapo namimina chai. Namimina tu.

Gari ilitengenezwa, anaiendesha shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Yeye anasema mambo ya kadi ni ya watu wa ofisi. Kuna fundi Mkongo pale Kakuma, unamlipa siku ile ile kwa kile alichofungua, si kulipia ugonjwa ambao haujaja. Na si uongo, huyo fundi ni mzuri. Lakini shemeji hamwendei mpaka gari ipige kelele. Juzi nilisikia breki zikilia akiingia hapa nyumbani, nikamwambia. Akacheka. "Shemeji, hiyo ni vumbi. Wewe chunga uji wako usiungue." Watoto wangu wakienda kwa nyanya yao wanapanda gari hiyo hiyo.

Wiki jana nilienda kwa Haji peke yangu. Nilidhani atanifukuza, kwa sababu maneno ya mume wangu yamemfikia. Alinipa kiti. Akasema mwaka umeisha, lakini anajua yaliyotupata, tukilipa mwaka mpya atatuongezea zile tatu zilizokufa. Servisi saba kwa bei ya nne. Ila gari iko kwa jina la mume wangu, lazima asaini, na kwa vile hawezi kutembea, Haji mwenyewe atakuja Ijumaa baada ya swala. Akauliza kama mume wangu anajua kuhusu zile meseji. Nikatikisa kichwa.

Akasema polepole, "Mwambie wewe kabla sijafika, binti yangu. Mimi akiniuliza sitamdanganya."

Mbuzi waliobaki ni sita. Tukilipa, anabaki mmoja. Tusipolipa, siri yangu inakaa salama na gari inaendelea kulia breki na watu ndani. Na kuna jambo lingine. Kadi haikuwa na kosa, kosa lilikuwa kwangu. Hata nikipewa visanduku saba, mgao ukikutana na unga umeisha, nitakuwa mtu gani siku hiyo?

Leo ni Alhamisi. Kesho kuna mgao. Shemeji amekuja mara mbili kuuliza ufunguo, abiria wa kesho ameshawaandika. Nimemwambia gari haiendi. Akauliza kwa nini, nikasema haiendi. Ufunguo nimeufunga kwenye pindo la leso yangu, na hapo hautoki mpaka breki ziguswe na fundi, awe wa Haji au wa Kakuma.

Mume wangu amesikia tukibishana, ameniita kutoka ndani: "Mama Akiru, kuna nini?" Nimemjibu nakuja, namaliza kuandika kitu.

Ananingoja. Ndugu zangu, nianzie wapi kumwambia? Na akishajua, nitamwombaje tena auze mbuzi wa watoto kwa neno langu?