Ua wa Mwalimu

Baba aliniruhusu kwenda kufundisha Jambiani kwa sharti moja: nyumba nitakayokaa iwe na ua. Si ua wa makuti, kwa sababu makuti, alisema, yana macho. Alitaka ua wa mawe, mrefu kuliko mtu mzima, wenye jiko na choo ndani yake. Mpaka ua huo usimame na yeye auone mwenyewe, ningekaa kwa sheha wa kijiji, chini ya uangalizi wa mkewe, na ruhusa yangu ingebaki nusu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya ualimu, binti wa Mji Mkongwe ambaye hajawahi kulala nje ya mji. Wazee wa Jambiani walikuwa wamekubali watoto wao wa kike wasome skuli, kwa mara ya kwanza, na wao pia walikuwa na sharti lao: mwalimu awe mwanamke, na akae palepale kijijini. Kwa hivyo bila ya ua hakuna mwalimu, na bila ya mwalimu hakuna darasa la wasichana.

Nyumba yenyewe niliikuta imekwisha kujengwa. Ilikuwa na vyumba viwili na paa la mabati ambalo watu walikuja kulitazama. Choo kilikuwa nyuma yake, peke yake uwanjani kama mtu aliyesusa. Ukitoka chooni kwenda mlangoni, kila apitaye njia ya pwani anakuona. Aliyechora ramani ile sidhani kama aliwahi kumuuliza mwanamke yeyote anaoga wapi. Wanakijiji wangeweza kujenga ukuta wenyewe, lakini nyumba ilikuwa ya serikali, na nyumba ya serikali haiongezwi hata jiwe bila ya idhini.

Idhini hiyo, pamoja na fedha yake, ilitakiwa itoke kwenye kikao cha kamati ya skuli. Wajumbe walikuwa sheha, ambaye ndiye mwenyekiti, mwalimu mkuu wa skuli ya wavulana, na wazee watatu. Afisa wa elimu, Mwingereza, alikuja na gari kutoka mjini kuwasikiliza. Walikaa katika darasa la wavulana, juu ya mikeka, kwa sababu madawati hayakuwapo. Mimi sikuwa mjumbe, na hata ningekuwa, nisingekaa pale. Nilikuwa katika stoo ya pembeni, napanga chaki. Ukuta wa stoo haukufika paani, kwa hivyo nilisikia kila kitu bila ya nia ya kusikiliza. Au tuseme nia nilikuwa nayo.

Kiswahili cha afisa kilikuwa kizuri. Alikisoma vitabuni na ilionekana anakipenda, akikitamka taratibu, neno kwa neno. Akaeleza kwamba fedha ya mwaka ule ilibaki kidogo, ya kutosha jambo moja tu. Kamati ichague.

Mwalimu mkuu akaomba madawati. Wavulana wanaandika wamelala kifudifudi, akasema, na hati zao nazo zimelala vilevile.

Sheha akakohoa. "Sisi, bwana, tunaomba ua. Nyumba ya mwalimu haina ua."

"Ua?" afisa akauliza. "Ua moja?"

Angesema ua mmoja, tungekuwa salama. Aliposema moja nilijua kwamba mwenzetu ameshaingia bustanini.

"Ua moja, bwana," sheha akajibu.

"Litatosha?"

"Litatosha."

Hapo nilitaka kulia. Sheha alikuwa mtu mwerevu, na hakuna mtoto wa Unguja asiyejua kwamba ua wa nyumba hautajwi hivyo. Lakini mgeni amesema litatosha, na kumjibu utatosha kungekuwa ni kumsahihisha mbele ya watu. Basi akamfuata kwenye kosa lake. Mzee mmoja akajaribu kusaidia. "La mawe, bwana," akasema, naye pia amefuata. Afisa akacheka kwa upole. Ua la mawe hajawahi kuliona, akasema. Maua ni jambo jema, mwalimu atayapanda mwenyewe, na fedha ya serikali inunue madawati.

Palikuwa na sababu ya pili ya kutomsahihisha, na hiyo ndiyo iliyowafunga midomo. Kumweleza afisa ua ni kitu gani kungewalazimu wamweleze ni wa kazi gani, na mambo ya uani, ya kuoga na kwenda chooni, wanaume hawayasemi mkutanini, seuze ya msichana wa watu ambaye yuko nyuma ya ukuta. Walininyamazia kwa heshima. Nikasikia afisa anafunua karatasi zake, na nikaona darasa langu linafutwa kwa heshima hiyo hiyo.

"Si ua la," nikasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, ikapita juu ya ukuta. Sikuwa na njia ya kuirudisha, kwa hivyo nikaendelea. "Ni ua wa, bwana. Ua wa nyumba. Ukuta wa mawe wa kuizunguka, mwanamke aoge asionekane."

Nilisema aoge, mbele ya wazee wa watu na Mzungu. Mmoja wao akasema astaghfirullah, kwa sauti ya chini.

"Ua wa," afisa akarudia. "Ua, nyua." Alifurahi waziwazi, kama mwanafunzi aliyekumbuka jibu. Akaomba radhi kwa kamati, akaandika. Madawati yakaahirishwa. Wavulana waliendelea kulala kifudifudi mwaka mwengine, na mwalimu mkuu hakunisemesha kwa muda, jambo ambalo sikumlaumu.

Chokaa ikachomwa, mawe yakaletwa, ukuta ukapanda. Jioni mke wa sheha alikuwa akinichukua kwenda kuutazama. "Mafundi wanalipwa bure, mwanangu," alinitania. "Ukuta huu umejengwa na mdomo wako." Wasichana waliokwisha kuandikishwa walikuja kujipima urefu ukutani, wakichekana. Mimi nilishachagua pembe ya kuweka mtungi wangu. Nilikuwa na furaha, tena kubwa, kwa sababu sikuwahi kabla ya hapo kupata kitu kwa kukiomba mwenyewe.

Baba alikuja na gari la abiria la shamba, ukuta ulipokwisha. Kisa cha stoo kilikuwa kimeshafika mjini kabla yake, kwa gari hilo hilo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila ya kunitazama. Alikuwa na duka la vitambaa, na ukuta ule aliukagua kama anavyokagua jora. Aliuzunguka kwa nje, akaupapasa, akanyoosha mkono juu kuona kama vidole vitafika. Havikufika. Akaingia ndani, akaangalia choo na jiko, akatoka.

"Ua mzuri," akamwambia sheha. "Mumefanya kazi."

Halafu akanigeukia. "Umeuona ulivyo mrefu?"

"Naam, baba."

"Basi sauti yako ishauruka. Kafunge vitu vyako."

Sheha akamsihi. Alisema mkosa ni yeye, kwamba mimi nilisema lililompasa kusema yeye. Baba akamshukuru kwa kunitunza, akakataa hata kahawa. Tulirudi mjini na gari lile lile, yeye mbele na mimi nyuma na sanduku langu. Sikulia, kwa hasira. Baba ameshatangulia mbele ya haki zamani, na hasira ile bado sijaimaliza.

Nyumba akapewa mwalimu mwengine, mjane mtu mzima kutoka Ng'ambo, upande wa pili wa mji, na darasa la wasichana likafunguliwa. Nilisikia kwamba alipanda asumini ndani ya ua.

Baadaye Baba alilegea, nikafundisha mjini, katika skuli ya wasichana yenye kuta ndefu kiasi cha kumridhisha. Nilipewa somo la Kiswahili. Kila mwaka, tulipofika kwenye ngeli, nilianza na neno moja. Niliandika ubaoni ua la, chini yake ua wa, nikawataka wasichana waseme pamoja. Walisema kwa sauti ya chini, kama walivyozoezwa nyumbani, huku wakitupia jicho dirisha la upande wa barabara. Nikawarudisha mwanzo, na nikawarudisha tena, mpaka wapita njia wasikie.