Daraja la Meno la Mama wa Olenguruone

Sikumpenda yule daktari, na sitajifanya nilimpenda. Yeye alitibu meno kwa kliniki yake hapa Nakuru mjini. Mimi ni fundi, natengeneza meno bandia kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la chakula cha ng'ombe. Kwa miaka minne alinitumia kazi bila kunisalimia.

Siku moja alileta plasta, yaani nakala ya meno iliyotengenezwa kwa jasi, ya mama mmoja, mkulima wa viazi kutoka Olenguruone. Meno matatu ya chini ya kutafunia, yanayofuatana, yalikuwa yameng'olewa. Alitaka daraja: meno matatu ya kauri juu ya chuma kimoja, likishikwa na jino la mbele na la nyuma ya pengo. Tena chuma kiwe chembamba, kwa sababu meno ya juu yalikuwa yameshuka na nafasi ilikuwa finyu.

Nikampigia simu. "Daktari, hili litapinda. Pengo ni refu. Ukipunguza unene wa chuma nusu, kupinda hakuongezeki mara mbili, kunaongezeka mara nane. Na kauri haijui kupinda. Itapasuka."

"Kati yetu nani amesomea udaktari?"

"Ni wewe."

"Basi tengeneza."

Nikatengeneza.

Miezi kadhaa baadaye aliniita kliniki. Mama alikuwa amekaa kwa kiti, ameshika shavu.

"Fundi mwenyewe ndiye huyu," daktari akamwambia. "Muulize mbona alikufanyia kazi mbovu."

Damu ilinipanda. Nilichukua kioo cha daktari cha kuangalia kinywani bila kuomba, nikaangalia. Ufa ulikuwa katikati ya daraja, umeanzia chini, karibu na ufizi.

"Mama," nikasema, "kila ukitafuna githeri, hapa katikati panabonyea. Juu panabanwa, chini panavutwa. Kauri haivumilii kuvutwa. Hata jino la nyuma limetikiswa mpaka gundi ikaachia, chakula kikaingia, likaoza." Nikamgeukia daktari. "Na nilikuambia."

"Toka kwa kliniki yangu!"

Nilidhani mama angenitetea. Aliniangalia kwa macho makavu.

"Ulijua litavunjika?"

"Nilijua, mama."

"Na ukalitengeneza."

Nilirudisha kioo mezani.

"Nyinyi wawili ni kitu kimoja," akasema, akatema damu kwenye beseni.

Jino la nyuma liling'olewa. Nilisikia alienda kwa daktari mwingine, akapewa meno ya kuvaa na kutoa. Kwangu hakurudi, na sikumtarajia. Yule daktari alinitangaza kwa wenzake kuwa mimi ni mkorofi. Nami nilimtangaza yeye, kwa yeyote aliyekuwa na masikio.

Siku hizi nikiletewa pengo refu na chuma chembamba, narudisha plasta hivyo hivyo. Wiki iliyopita daktari mmoja wa kule Bahati alinitukana kwa ajili hiyo. Nikamtukana pia, nikakata simu.