Gauni la Mtoto wa Miaka Sita

Kwa kujisifu hakuna anayenishinda, na sijaacha hata leo. Miaka ile mitumba ilipofurika Mwanza nilikuwa na meza yangu Igogo, nauza nguo za watoto, na tangazo langu la biashara lilikuwa binti yangu mwenyewe. Ana miaka mitatu, namvalisha gauni la miaka sita, na linamkaa sawasawa! "Unamlisha nini huyu?" wateja wanauliza. "Ugali na sato!" nawajibu, kifua mbele.

Alipotoka chunusi nikasema joto. Sauti ilipokuwa nzito nikasema mafua. Mjinga mimi.

Mama mkwe akaja kututembelea kutoka kijijini, huko upande wa Bujora. Jioni ile ile akamwogesha mjukuu wake. Ghafla akaniita, akaniambia ninuse kwapa la mtoto. Jasho la mtu mzima, jamani! Na chini vinyweleo vimeshaota.

"Mtoto wangu wa kwanza alikuwa hivi hivi," akasema. "Wakasema karogwa, tukamzika. Huyu simziki."

Nilikuwa na miaka saba kwenye ndoa, sijawahi kusikia habari za mtoto huyo.

Asubuhi tukampeleka hospitali, mimi, mama mkwe na mume wangu. Baada ya vipimo daktari akatueleza: juu ya figo kuna tezi ndogo, na ya binti yangu imeota uvimbe wa saratani unaomwaga homoni. Ndizo zinazomkuza mbio. Lazima apasuliwe upesi, uvimbe utolewe, ndipo aache kukua mbio. Kisha akauliza kama kwenye ukoo kuna aliyewahi kuugua saratani.

"Hakuna," mume wangu akasema, macho sakafuni.

"Wapo," akasema mama yake. Akawataja: yule mtoto wa kwanza, na wifi yangu, ambaye mimi niliambiwa kafa kwa homa, kumbe ni titi, hata thelathini hajafika.

"Mama, aibu hiyo. Nani atakuja kuoa kwetu?"

"Aibu nimeila miaka yote hii, mwanangu. Imenishibisha nini?"

Daktari akamshukuru kwa mikono miwili. Akasema si uchawi. Hatari ya namna hiyo inaweza kurithiwa, kwa hiyo watoto wengine wa ukoo nao wapimwe mara kwa mara. Binti yangu alipotoka salama chumba cha upasuaji, bibi yake akaanza kuzunguka nyumba za wanawe wote kuwaambia. Mke wa mmoja alimfungia mlango. Kesho yake akarudi, akagonga tena, mpaka akafunguliwa. Mama mkwe wangu alikuwa jasiri, nasema wazi, na najivunia kuolewa nyumbani kwake.

Mwaka uliofuata mteja wangu wa zamani akasimama mezani, akamtazama binti yangu.

"Shoga, mbona huyu hakui? Si gauni lile lile?"

"Lile lile!" nikasema, huku machozi yananitoka. "Mwaka mzima, shoga! Hebu geuka, mama, akuone na mgongoni."