Petroli Chini ya Ukuta wa Makaburi

Zalka Hribernik alikuwa akisafisha kanisa la kijiji chetu tangu mumewe Lojze angali hai. Akishamaliza, hukaa nje karibu na ukingo wa udongo chini ya ukuta wa makaburi. Kila masika ukingo ule hujaa vitundu vya nyuki wa kahawia wasiojua mzinga, kila jike na tundu lake. Nyuma yao huja wengine, wekundu wenye mistari ya njano, wembamba kama nyigu. Hao hawachimbi. Humngoja mwenye tundu atoke kutafuta chavua, wakaingia kutaga yai lao, na mtoto wao akianguliwa humuua wa mwenye nyumba na kula akiba yote. Zalka hakuwapenda. Mara ngapi nimemsikia akiwakaripia: "Toka hapo, mwizi wee! Chimba la kwako!" Lakini hakumponda hata mmoja.

Siku moja kabla ya Komunyo ya Kwanza, shemeji yake Vinko, ndugu wa marehemu Lojze na mwenyekiti wa halmashauri ya parokia, aliwaona wale wekundu. Hakuuliza mtu. Alichukua dumu la petroli ya mashine yake ya nyasi, akamimina ukingo mzima. Zalka alimkuta akifunga kifuniko.

"Umefanya nini, Vinko?"

"Nyigu, shemeji. Unataka watoto waumwe kesho?"

"Nyigu gani? Wako hapa miaka yote, nani kaumwa? Mtaje!"

"Si wewe mwenyewe huwatukana kila siku?"

"Nawatukana mimi, ninayewajua! Wewe hata kaburi la kaka yako hujui kulipalilia!"

Vinko akacheka. "Nenda kanywe maji baridi."

Nilikuwa kanisani napanga maua Zalka alipoingia kumshtakia padri. Padri alimsihi: "Mama Zalka, msamehe. Kesho sikukuu."

"Msamehe wewe, Baba, ndiyo kazi yako. Yangu nimeiacha." Akazitupa funguo za kanisa sakafuni.

Kesho yake mabenchi yalikuwa na vumbi. Maandamano ya mishumaa yalifutwa, maana pale ukutani palinuka petroli mpaka kichwa kinauma, na watoto na nguo zao nyeupe wakapitishwa mlango wa nyuma, kando ya mapipa ya taka. Akina mama walimtazama Vinko kwa macho makali.

Mchana, Vinko akiwa mezani kwake na wageni, Zalka aliingia bila kubisha. Alikuwa na bakuli la nyuki waliokufa, wa kahawia na wekundu pamoja. Akalimwaga juu ya keki ya kokwa za walnati.

"Kula," akamwambia. "Umewaua mwenyewe, kula."

Akatoka na bakuli lake tupu.

Masika yaliyofuata walirudi wachache wa kahawia. Wekundu hawakuonekana. Vinko alimtuma mkewe kuomba radhi, Zalka akamjibu, "Ana miguu, aje mwenyewe." Nyumba zao zinatazamana, na hadi leo Vinko hajavuka barabara.