Nyingine Kama Ile

Kila asubuhi nikibinya tyubu ya dawa ya meno, kabla mswaki haujafika mdomoni, naiona televisheni yetu ya chogo ikiwaka sebuleni kwetu Nyamahanga. Msinicheke. Kwenu labda dawa ya meno ni ya meno. Kwetu ilikuwa ya CD. CD ikikwaruzika, picha inaganda. Kijana wa Kikorea amefungua mdomo amwambie binti kwamba anampenda, na mdomo unabaki wazi hivyo hivyo. Basi dada yangu Koleta anaitoa kwenye deki, anaipaka dawa ya meno, anaisugua kwa kidole kutoka katikati kwenda ukingoni, anaisuuza, anaifuta kwa upindo wa kanga. Sisi tulisugua meno kwa mkaa. Mama alinung'unika, lakini hata yeye alitaka kujua binti atajibu nini.

Tulikuwa wasichana wawili tu nyumbani. Koleta alikuwa mkubwa, amemaliza kidato cha nne na kurudi shambani. Mimi nilikuwa darasa la tano. Kati yetu walizaliwa wawili ambao hawakukua. Hao hatukuwataja, ila Baba alikuwa na tabia ya kutupitia vitandani kila alfajiri kabla ya kwenda shambani, anasimama mlangoni kidogo, halafu anaondoka. Nilidhani anahakikisha hatujachelewa kuamka.

Umeme ulikuwa haujafika. Televisheni ilikula betri ya gari, na betri ilichajiwa Lusahunga, pale malori yanapopumzika yakienda Rusumo. Kila Jumamosi nilisukuma baiskeli, betri imefungwa kwa mpira kwenye keria, mpaka nikaanza kusikia harufu ya dizeli na nyama choma. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya Koleta. Siku moja Baba akasema tu, "Betri atapeleka mdogo." Hakueleza kwa nini. Mimi nilijiona nimekua.

Jirani na kibanda cha kuchajia palikuwa na duka la CD la Sadiki. Alikuwa kijana mpole wa Biharamulo mjini, kofia yake ya sala haikumtoka kichwani, na alizijua sizoni zake, zile tamthilia za Kikorea, kama mama anavyowajua wanawe. Hakuna aliyemwendea na jina la sizoni, majina yenyewe nani angeyaweza? Watu walisema, nipe nyingine kama ile ya mfalme aliyepofuka, au kama ile ya daktari na yule muuza samaki. Sadiki anafikiri kidogo, anainama chini ya meza, anaibuka nayo.

Kulikuwa na mtu mwingine pale: Nestori, fundi seremala. Babu yake alitoka Burundi zamani sana, na baba yake alizaliwa hapa hapa. Tulisali nao kanisa moja. Nikifika, Nestori aliacha randa yake akaja kunishushia betri.

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Wote?"

"Wote."

Hapo ananitazama kama anayesubiri niongeze kitu, nami sina cha kuongeza. Nilimwona mtu wa ajabu kidogo.

Sizoni iliyoanzisha yote ilikuja kwa bahati tu. Ilikuwa ya binti wa mkulima wa kabeji aliyempenda kijana wa kisiwani, na wazazi wa binti hawakutaka kusikia habari za watu wa visiwani. Tuliiangalia Jumapili baada ya misa, ndizi na maharage tumboni, pazia limeshushwa jua lisiingie kwenye kioo. Mtafsiri mmoja aliwasemea wote kwa Kiswahili, binti yeye, bibi yeye, mbwa akibweka yeye. Sisi nyumbani tulisema Kisubi, kwa hiyo Kiswahili cha sizoni tulikisikiliza kwa heshima kama cha mahubiri. Baba alikaa kwenye kiti chake akijifanya anatengeneza mpini wa jembe. Wale vijana wakimwinamia mzee wao, Baba bila kujijua aliitikia, "Marahaba." Mama akaficha uso kwenye kanga akacheka mpaka akakohoa.

"Hawa watu wana adabu," Baba akajitetea. "Siyo nyie."

Ilipoisha, wazazi wa binti wakamkubali yule kijana. Baba akainua mpini wake, akautazama, akasema mwisho wake ni mwema. Nilimwona Koleta akimwangalia Baba, siyo televisheni.

Jumamosi iliyofuata aliniita nyuma ya jiko, kwenye moshi. "Mwambie Sadiki atupe nyingine kama ile. Sikiliza vizuri. Iwe ya wazazi wanaomkataa kijana kwa sababu ya kwao alikotoka. Siyo kwa sababu ya umaskini. Umesikia? Siyo umaskini."

"Nimesikia, dada."

"Sema."

Nikasema. Akanirudisha mwanzo mara ngapi sijui, mpaka nikaweza. Sadiki naye aliponisikia alijikuna chini ya kofia. "Mdogo wangu, za umaskini nimejaza hapa mpaka zinamwagika. Za kwao alikotoka..." Akainama, akachakura, akanipa. Wiki iliyofuata nikatumwa hivyo hivyo, na iliyofuata tena. Nililichukua lile neno njia nzima nikilitamka mdomoni lisipungue.

Sasa niwaeleze jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua wakati ule. Katika ukoo wetu binti hamwambii baba yake habari za mwanamume uso kwa uso. Ni aibu kwa wote wawili. Neno kama hilo linapita kwa shangazi. Kwetu shangazi alikuwa mmoja, Veronika, mama mnene mwenye sauti ya chini. Alikuwa anakuja, anakula, halafu anamwambia Baba, "Twende ukanionyeshe maharage yako." Huko kwenye maharage ndiko yalikosemwa yote. Mabinti wa ukoo mzima waliolewa kupitia mdomo wake. Naye alifariki masika yale, kabla Koleta hajamfungulia moyo.

Wazee wa Nestori wakaja kumposa Koleta bila wa kuwatangulia. Baba aliwakaribisha kwa heshima zote, akawapa pombe ya ndizi, akawajibu, "Mtoto bado mdogo." Koleta alikuwa ameshapita miaka ishirini. Walipoondoka nilimsikia Baba akimwambia Mama, "Watu wema. Lakini leo wako hapa, kesho wamehama." Miaka ile yalikuwepo maneno mengi ya watu kurudi walikotoka, na baadhi ya majirani walikuwa wameshafunga mizigo. Baada ya siku hiyo ndipo betri ikawa ya mdogo.

Mtanielewa basi kwa nini Jumapili moja ilitokea vile. Kwenye sizoni ya siku hiyo baba wa binti alikuwa amemfukuza kijana kwenye mvua, na binti amepiga magoti matopeni. Koleta alikuwa amekaa kwenye mkeka, machozi yanashuka wala hafuti. Baba akaweka mpini chini. Akainuka, akachomoa waya wa betri. Tukabaki tunasikia kuku nje.

"Huyu Sadiki," akasema polepole, "dukani kwake hana hadithi nyingine?"

Mama alinitazama mimi, akamtazama Koleta, akaenda jikoni. Nilijua kuna kitu kimevunjika, ila nilidhani ni betri.

Jumamosi Baba akafunga betri mwenyewe kwenye baiskeli, akavaa shati la kanisani, akaondoka. Hatukuwahi kumwona Baba akienda duka la CD! Alirudi jioni amelowa jasho, akatoa mfuko mweusi wa nailoni, na ndani yake CD. Ilikuwa na mikwaruzo. Akaomba dawa ya meno. Akakaa kwenye kigoda, akaisugua kwa vidole vyake vile vya jembe, taratibu, kutoka katikati kwenda ukingoni. Kumbe siku zote alikuwa akimtazama Koleta anavyofanya.

Kesho yake tukaiangalia. Kijana wala hakukataliwa. Binti aliolewa mbali, akavuka maji, na hadithi ikabaki na mzee. Kila siku mzee anatembea mpaka kituo cha basi, anakaa kwenye benchi, basi linashusha watu, anawatazama mmoja mmoja, anarudi nyumbani. Mwishoni theluji inamwangukia kofiani, na picha inaishia hapo. Nilichukia. Nilimwambia Mama hii haina mapenzi.

Baba hakuwa na mpini wala jembe siku hiyo. Mikono ilikuwa imekaa magotini.

"Koleta."

"Abee, baba."

"Umeona?"

"Nimeona, baba."

"Huyo mzee hakumchukia yule kijana."

"Najua, baba."

Kisha akasema akiutazama ukuta, "Basi waambie waje."

Koleta akapiga magoti pale pale mkekani. Baba akatoka kwenda kuangalia maharage, peke yake.

Walikuja, na harusi ikafanyika, na nilivaa gauni lenye riboni. Na alichokiogopa Baba kikatokea kama alivyokiogopa. Wazee wa Nestori waliamua kurudi Burundi kwenye shamba la babu yao, na Nestori, kifungua mimba wao, akawafuata na mke wake. Hakuna aliyefanya ubaya. Koleta alikuja mara moja na mtoto mgongoni. Mara ya mwisho alikuja kumzika Mama. Tangu hapo ni simu, na watoto wanakua, na safari inasogezwa mbele.

Mimi sasa nashona mapazia Biharamulo mjini. Nyumbani umeme upo, televisheni ni bapa, na Baba yuko peke yake na kiti chake. Namrushia sizoni kwenye flashi nampelekea. Kila mara anasema, "Nitafutie nyingine kama ile." Nimempelekea za kifalme, za matajiri, za kuchekesha. Anaziangalia kwa adabu, halafu ananipigia: "Siyo hii." Nikamwona mzee amekuwa msumbufu.

Mwezi uliopita nilipita Lusahunga, nikamkuta Sadiki amekuwa mtu mzima, anauza vocha na spika. Tukakumbushana. Akaniambia siku ile Baba alisimama mlangoni amevua kofia, kama yuko ofisini kwa mtendaji, akasema, "Kijana, binti yangu amenionyesha zake. Na mimi nipe yangu. Nipe ya mzee anayebaki." Nilisimama pale barabarani, malori yananipigia honi, nalia mchana kweupe.

Nilikuwa nimeukumbuka ule mwaka wote kama mwaka wa sinema. Kumbe walikuwa baba na binti wanaopendana, shangazi amekufa, wanatafuta pa kusemea. Na mimi na betri yangu ndio tuliokuwa njia.

Jioni ile nikampigia. "Baba, shikamoo. Unaposema kama ile, ni ipi?"

"Marahaba. Ile ya mzee wa kituoni," akasema. "Lakini hii iendelee. Nataka kuona kama binti alirudi."

Sikuitafuta. Nilimpigia Koleta, nikamfikishia maneno ya Baba vile vile, bila kupunguza hata moja, kama nilivyokuwa nikimfikishia Sadiki ya kwake. Upande wa pili nilisikia watoto wakigombana, kisha mlango ukafungwa.

"Mwambie ipo," akasema. "Mwambie naileta mwenyewe, mimi na Nestori na watoto wote."

Nikampigia tena Baba, nikamwambia. Nilisikia kiti chake kikilia, akiinuka, na pumzi yake ikiwa karibu sana na simu.

"Basi," akasema, "waambie waje."