Mla Majani wa Ukutani

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia, lakini miaka ile ya hali ya hatari, wakati wa ukoloni, ilinizidi. Nilitoka magharibi mwa nchi nikaja kufundisha watoto wa wachuma kahawa katika shamba moja karibu na Ruiru, kwenye banda la udongo tuliloliita darasa. Filimbi ikilia, nashtuka. Lori likisimama barabarani, naacha hesabu katikati ya ubao na kukimbilia dirishani. Kila mtu aliogopa kuhamishwa, nami niliogopa pamoja nao.

Kanisa moja mjini Thika lilikuwa likigawa vitabu vikuukuu, nikarudi na kimoja cha wanyama wa kale. Ukurasa mmoja ulinishika. Mnyama mnene, kichwa kidogo ajabu, na mgongoni mifupa mirefu imesimama safu, imewambwa ngozi kama tanga. Alikula mimea, akaisha duniani kabla mtu yeyote hajazaliwa, na ingawa alifanana na mjusi, ukoo wake ulikuwa karibu zaidi na wetu. Ukoo wetu! Nilicheka peke yangu njia nzima. Jumatatu nikamchora ukutani kwa makaa na chokaa, mkubwa kuliko meza, na vifundo vilivyotokeza kwenye mifupa ya mgongo wake sikuvisahau.

Watoto walipiga mayowe, wakaenda kusimulia nyumbani. Jioni mama zao walijaa mlangoni, vikapu bado mgongoni.

"Mwalimu, hiyo kitu inakula watu?"

"Hali watu," nikasema, najiona mjuzi. "Anakula majani tu."

Nilikuwa nimekosea kama mgeni anavyokosea. Shambani pale chui hakumnyima mtu usingizi. Aliyeogopwa ni mla majani. Mbuzi akiguguna miche ya kahawa, mwenye mbuzi anafukuzwa siku hiyo hiyo. Na wiki ile miche ya kando ya mto ilikuwa imeliwa, mnyapara anamtafuta mwenye mbuzi nyumba hadi nyumba.

Wote walimjua isipokuwa mnyapara. Alikuwa bibi tuliyemwita Cucu, yaani nyanya, aliyeficha mbuzi nyuma ya jiko kwa ajili ya maziwa ya mjukuu wake. Mama wa mtoto alikuwa kizuizini. Cucu akifukuzwa, ni lori, halafu kijiji kilichozungushiwa handaki, na huko mtoto angekunywa nini?

"Aiya," mama mmoja akasema polepole, macho ukutani. "Si basi ni hii ilikula kahawa?"

Kesho yake mnyapara akaingia darasani, wanawake nyuma yake. Walikuwa wamemwambia wamemwona mnyama yule kwa macho yao, tanga na yote. Mmoja aliongeza kwamba mnyama alikuwa ameandamana na mtoto wake. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mwalimu, wewe ni mtu ya kanisa. Hii mnyama iko?"

"Anakula majani," nikasema. "Meno yake ni ya kusaga majani."

"Sijauliza meno."

Nilimwona Cucu mlangoni, amejishika kifua. Nikasema kitabu kinaeleza kwamba mnyama huyo alipenda mahali penye majimaji. Ilikuwa kweli, kila neno, na bado nilijiona mwizi.

Mnyapara akautazama ukuta, akawatazama wanawake, mwishoni akamtazama Cucu. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mjinga.

"Sawa. Nitaambia bwana ya shamba ni mnyama ya msitu. Futa hiyo picha. Na kesho nikipita huko kwa nyumba nisikie kitu inalia mee, mimi sitakuwa na maneno ingine."

Nilipaka chokaa mara mbili, maana lile tanga lilikuwa linatokeza tena kila chokaa ilipokauka. Nilikuwa bado napaka Cucu alipoingia na sufuria iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Ndani yake mlikuwa na nyama ya mbuzi, bado ya moto.

"Kula, mwalimu," akasema. "Ni ile mnyama yako."

Akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kutoka baada ya kicheko kwisha. Nilifurahi kwamba angebaki, na niliumia vibaya sana.

Mjukuu alikuwa ameshika nguo ya Cucu, anautazama ukuta mweupe. Akaniuliza kama yule mnyama wangu alikuwa anakamuliwa.

Nikamwambia hapana.