Boti Yetu ya Karo na Antivoli

Mume wangu alinunua boti kwa sababu kulikuwa na mtu anayeiuza. Sababu nyingine siijui. Mzungu mmoja aliyekuwa na mkataba kwenye mgodi wa Mashamba alikuwa anarudi kwao, na boti yake ya injini, nyeupe, yenye chumba kidogo cha kulala watu wawili, ilikuwa imefungwa kando ya ziwa la Nzilo. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kuyauzia makampuni ya migodi buti na kofia za chuma, alikwenda kumuaga akarudi na funguo. Siku ya kukabidhiwa, yule Mzungu alieleza kila kitu: namna ya kuwasha injini, namna ya kujua kina cha maji, upande wa kuweka magunia na upande wa kukaa watu. Muda wote huo mume wangu alikuwa anajipiga picha kwenye usukani. Aliyesikiliza ni mimi. Ndiyo maana anayeendesha boti hiyo ni mimi, na anayeitwa kapiteni ni yeye.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, na nimezaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, baba yangu akiwa mmoja wa watu wa Kasai walioletwa huku kuchimba. Nimekula vumbi tangu nikiwa mgongoni mwa mama yangu. Kolwezi, mji wetu wa migodi, unafua nguo mara mbili, mara ya kwanza kutoa jasho na mara ya pili kutoa malori yaliyopita wakati nguo ziko kambani. Kwa hiyo boti ilipokuja sikuuliza maswali. Nilitaka kitu kimoja tu, na nilikisema siku ileile, kwa sauti, mbele yake: nilitaka tupande mpaka kule juu, mahali mto Lualaba unapoingia ziwani, tutie nanga, tulale huko siku mbili, mimi na yeye. Watoto wetu wameshakuwa watu wazima, kila mmoja na mji wake. Nyumba imebaki kubwa na sisi ndani yake tunapishana kama wapangaji.

“Tutaenda, mama,” alisema. Sisi tunaitana tata na mama, kama watu wote wa huku. “Kiangazi hiki hiki.”

Kiangazi hicho tulitembea kidogo, lazima niseme ukweli. Tulikuwa tunafuata ukingo wa ziwa, tunapita vijiji vya wavuvi, tunanunua samaki wabichi, nasonga bukari, ugali wetu, kwenye mbabula, jiko la makaa, pale nyuma ya boti. Moshi wa mbuga zinazochomwa ulikuwa umekaa juu ya maji, na baridi ya asubuhi, maana kiangazi chetu ni cha baridi, ilikuwa kali mpaka navaa sweta juu ya kitenge. Nilifurahi sana. Yeye alikuwa anapungia mkono kila mtumbwi, na akipata mtumbwi wenye watu wengi anasimama kabisa ili waone kofia yake ya kapiteni. Saa za mchana, kila mara, anakumbuka kwamba kuna mgeni anapita nyumbani jioni. Tunageuza.

Halafu akaanza kuitengeneza.

Msomaji asiyekaa kwetu lazima aelezwe jambo moja. Huku kitu kipya hakiwi chako mpaka ukiaroze, yaani uite watu, uwanyweshe juu yake. Gari inaarozwa. Diploma inaarozwa. Nimeona friji ikiarozwa na wanaume waliovaa tai. Boti iliarozwa siku ya kwanza, sawa, hiyo naielewa. Lakini mume wangu akagundua kwamba boti ni kitu chema kupita vyote, kwa sababu unaweza kuiongezea kitu kila mwezi, na kila ulichoongeza kinadai bia yake. Aliweka mapazia ya dhahabu, watu wakaja kunywa juu ya mapazia. Aliweka makochi ya ngozi, yale mapana ambayo mtu akikaa hainuki, wakaja kunywa juu ya makochi. Aliweka televisheni kubwa. Juu ya maji! Mtu anakwenda kwenye maji mapana kuliko macho yake, anayapa mgongo, anatazama mpira.

Wageni walikuwa walewale. Alikuwapo mkubwa mmoja wa ununuzi kwenye kampuni ya kule Kingamyambo, mtu mwenye viatu vyenye ncha ndefu na maarifa mafupi, ambaye alikuwa anagonga kila ukuta kwa kidole na kusema, “Kitu kizito hiki. Hii ni kitu kizito.” Kwake hiyo ilikuwa sifa. Wake zao walivua viatu mlangoni, wakaomba nywila ya mtandao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza tumefika wapi na boti. Walikuwa wanauliza tumeongeza nini.

Na mimi kila mara nauliza swali langu.

“Tata, safari yetu ya kule juu?”

“Ngoja kwanza tuweke karo.”

Karo ni vigae vya sakafuni, vilevile vya sebuleni. Alimleta fundi aliyejenga nyumba yetu, na saruji, na mchanga, na mizani ya kupimia usawa. Fundi aliweka mizani chini, akasubiri kiputo cha ndani kitulie, kikawa hakitulii, kwa sababu boti inaelea. Akasubiri tena. Nilikaa ukingoni nikala karanga zangu nikiwatazama hao wanaume wawili wakiyasubiri maji yaache kuwa maji. Mwishowe wakabandika hivyohivyo. Boti ikashuka mpaka mstari wake wa buluu ukapotea chini. Injini ikaanza kulalamika hata kwenye maji tulivu, na mafuta yaliyokuwa yanatufikisha vijiji vya wavuvi sasa yalitosha kuzunguka mbele ya gati na kurudi.

Nilimwambia. Sikumwambia kwa upole. Nilimwambia kwamba amechukua kitu cha kusafiria amekigeuza chumba cha kupokea wageni, na kwamba chumba cha namna hiyo tayari tunacho, na hakivuji. Alinitazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtu asiyejua maendeleo.

Kisha akaweka antivoli.

Nyumba zote za Kolwezi zina antivoli, zile nondo za chuma zinazochomelewa madirishani kuzuia wezi. Mtu akijenga, hata kabla ya bati, anafikiria antivoli. Mume wangu amelala nyuma ya antivoli maisha yake yote, na naamini kabisa kwamba usingizi haumjii bila kuziona. Lakini kuzichomelea kwenye boti! Madirisha yote ya chumba cha kulala, kulia na kushoto, na lile la mbele pia, nondo nene zilizopindwa maua katikati ili zipendeze.

“Tata, njo nini hii?”

“Bezi, mama. Bezi banaweza kuingia.”

“Na sisi maji ikiingia, tutatokea wapi?”

“Maji itaingia namna gani? Si niliweka karo?”

Hakuwa anatania. Ningefurahi kama angekuwa anatania.

Antivoli nazo zikataka kuarozwa, na safari hiyo akamwalika hata mama yake, mama mkwe wangu, mwanamke mzee wa Sandoa ambaye hajawahi kumsifia mtu yeyote bila sababu. Alikuja na kitenge chake kizuri, akakaa kwenye kochi la ngozi, akaona miguu yake haigusi chini, akaomba apelekwe kulala. Nikampeleka kwenye kile chumba cha kulala cha chini, nikamfunika blanketi, nikapanda kupika michopo, nyama ya kuchoma. Boti ilikuwa karibu na gati, imejaa watu, imefungwa kamba moja tu kwa sababu kapiteni alitaka iyumbeyumbe kidogo, wageni wasikie wako majini.

Yule mkubwa wa viatu vyenye ncha akasimama gatini na simu yake mkononi, akaita, “Picha! Bote upande huu!” Nikapiga kelele wabaki walipo. Nani anamsikiliza mwenye kijiko cha nyama? Wote, na bia zao, wakaja upande mmoja. Boti ikalala. Haikuwa haraka, ililala polepole, kwa heshima, na maji ya Nzilo yakapita juu ya ukingo yakaanza kutembea kwenye karo. Makochi yakateleza. Kochi kubwa lilikwenda moja kwa moja likajibana kwenye mlango wa chumba cha chini.

Wageni waliruka gatini wakalowesha suruali zao mpaka magotini, wakalia kana kwamba ni bahari. Mimi nilikwenda kwenye dirisha. Mama mkwe alikuwa amesimama ndani, maji kiunoni, ameshika nondo kwa mikono miwili, uso wake katikati ya yale maua ya chuma. Hakulia. Nilivuta nondo kwa nguvu zangu zote, na fundi, mara hii moja katika maisha yake, alikuwa amechomelea vizuri. Niliogopa mpaka nikasahau jina la Mungu. Nyuma yangu nilimsikia mume wangu akiwapigia kelele wanaume waliokuwa wanalivuta kochi: “Pole pole! Mutapasula karo!”

Hapo ndipo boti ilipofika chini ikagusa tope, ikakaa. Maji yakasimama kifuani mwa mama mkwe. Kochi likatoka, mlango ukafunguka, tukamtoa. Alitembea mwenyewe mpaka gatini, kitenge kinatiririka, akasimama mbele ya mwanawe.

“Unanifunga mu kasho, mu jela?” alimuuliza. “Mi, mama yako?”

Mwanaume anayewatisha wauzaji wa buti toka Kolwezi mpaka mpakani alianza kulia mbele ya wageni wake. Nilimtazama akilia, na sikumwonea huruma hata chembe. Nilijua analilia karo.

Lakini mama yake hakutania. Alikaa kwetu mpaka nondo zote zikakatwa, karo zikabanduliwa, makochi yakarudishwa nchi kavu, na alikuwa anakaa kwenye kiti cha plastiki gatini akisimamia kazi. Injini ikafunguliwa, ikakaushwa, ikapona. Boti ikapanda tena juu ya maji, mstari wa buluu ukaonekana, ikawa nyeupe, tupu, nyepesi, vilevile kama siku ile ya kwanza. Nilipoiona hivyo moyo uliniruka. Nilijaza mafuta mwenyewe. Nikapakia unga, mbabula, makaa, blanketi mbili. Mama mkwe alipopanda basi la kwao, mume wangu hakuwa na mgeni, hakuwa na fundi, hakuwa na kitu cha kuongeza. Alipanda botini.

Tuliondoka asubuhi. Vijiji vya wavuvi vikapita, na ule ukingo tuliokuwa tunageuzia ukapita, na mimi nikaanza kuimba. Maji yalianza kuwa membamba na ya rangi nyingine, matete pande zote, ndege wakubwa wa kijivu wanatutazama bila kukimbia. Hakukuwa na mtumbwi wa kupungia mkono. Hakukuwa na mtu. Yeye alikuwa amekaa mbele, kofia ya kapiteni magotini, na kila baada ya kitambo anageuka kutazama nyuma.

“Bado mbali?” akauliza.

“Karibu. Nyuma ya matete ile.”

“Na kule kuko nani?”

“Hakuna mutu, tata.”

Akatazama tena nyuma. Kisha akauliza, taratibu, bila ubaya wowote, jinsi mtu anavyouliza njia:

“Sasa tutafanya nini kule, mi na weye, siku mbili?”

Nilingoja acheke. Nimemdharau mtu huyu kwa mapazia, nimemdharau kwa mpira wake juu ya maji, na muda wote huo niliamini kwamba ni ujinga tu, ujinga wa kwetu wa kupenda vitu na kupenda kuonekana, na kwamba nikiviondoa vyote nitamkuta yeye chini yake, ananingoja. Alikuwa ananitazama kwa hofu ya kweli. Hata mama yake alipokuwa ndani ya maji sikuiona hofu hiyo usoni mwake.

Jibu nililitafuta. Tutaongea, nilitaka kusema. Juu ya nini? Angeuliza hivyo, na mimi pia sikujua.

Nikageuza usukani. Hakuniuliza kwa nini nimegeuza. Alivaa kofia yake, na tulipokaribia vijiji akasimama kwa furaha, akapiga simu kwa marafiki zake mmoja baada ya mwingine: tuko kwenye bato, tunatoka kule juu kabisa, mukuje jioni, mama atapika. Na kwa kila mmoja alisema ni pazuri sana, kwamba siku moja lazima atupeleke sote.